Ruzuku ya kuelimisha sheria ya watu wenye ulemavu: niandike vipeperushi 3,000 au niandike mkalimani?

Mkoba wa Ukili (Mtambwe, Pemba)

Assalaam alaykum. Najua humu mna watu walioomba ruzuku wakapata, na walioomba wakakosa, ndio maana nakuja na suala langu hapa kabla sijenda kuaibika ofisini.

Mie ni mshika fedha wa jumuiya ndogo ya watu wenye ulemavu na wazazi wao. Kwenye daftari tuko 41, wanaolipa ada ni 17, na mmoja kati yao hulipa kwa nazi. Mwezi uliopita sheha alituletea tangazo la ruzuku ya Serikali kwa jumuiya zitakazoeneza elimu ya sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Mwisho milioni 12, kazi ya miezi sita. Fomu ina kurasa tisa, na ukurasa wa nne una jaduweli: shughuli, idadi ya watakaofikiwa, gharama kwa kila mtu. Hapo ndipo nilipokwama, siku ya tano leo.

Mwenyekiti wetu anasema andika vipeperushi 3,000 umalize. Duka la chapa la Chake wamenipa bei ya shilingi 600 kimoja, jumla 1,800,000. Kwa hiyo kila mtu atakuwa kafikiwa kwa shilingi 600. Hesabu tamu.

Sasa nipige ya pili. Katika shehia zetu tano tunawajua viziwi 22. Mkalimani wa lugha ya alama ni 70,000 kwa siku, na wanataka wawe wawili wapokezane, maana mikono na akili huchoka. Siku nane ni 1,120,000. Tia nauli na pa kulala, 480,000. Jumla 1,600,000. Gawa kwa 22: kiziwi mmoja anafikiwa kwa shilingi 72,727. Mwenyekiti alipoiona hesabu hii alivua miwani akanambia, "Bibi wewe, unataka tunyimwe?"

Naeleza kwa nini sitaki kuiwacha. Mdogo wangu wa kike ni kiziwi, ana miaka 34. Kuna mwaka tuliitwa kwenye semina ya kuijua sheria ya ulemavu, ya mradi wa watu wengine. Mkalimani hakuja, tukaambiwa bajeti haikutosha. Mdogo wangu alikaa tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba na nusu anatizama midomo ya watu. Akatia dole gumba kwenye karatasi ya mahudhurio, akala pilau, akapewa kipeperushi asichoweza kukisoma, tukarudi. Usiku nikamuuliza kwa ishara zetu za nyumbani, leo umejifunza nini? Akanijibu: nyama ilikuwa laini.

Na kwenye ripoti yao yumo. "Kafikiwa." Mie nilikuwepo wakati wa kuhesabu.

Basi suala langu: yupo aliyewahi kuandika hesabu kama hii ya 72,727 ikapita? Aliitetea vipi? Na la pili, tumerithi maboksi matatu ya vipeperushi vya zamani kutoka kwa jumuiya iliyokufa. Vimo stoo, panya hajavigusa. Naweza kuvitumia nipunguze gharama?

Risiti Mkononi (Mjini, Unguja)

Wa alaykumu salaam, dada. Mie nimewahi kukaa upande wa pili wa meza, nikisoma maombi. Nikwambie ukweli: msomaji ana mafaili mengi na siku chache. Haoni machungu yako, anaona jaduweli. Kwa hiyo machungu yako yatie ndani ya jaduweli.

Kosa la kwanza la watu ni kumweka mkalimani chini kabisa, kwenye "mengineyo", pamoja na maji ya kunywa na vocha. Pakija punguzo, "mengineyo" ndiyo ya mwanzo kukatwa. Mpandishe juu, awe sehemu ya shughuli yenyewe: "Vikao vinane kwa lugha ya alama." Hapo akitaka kumfuta mkalimani itabidi afute kikao kizima.

La pili, usimwachie mwenye fomu akufasirie neno "kufikiwa". Lifasiri mwenyewe, sentensi moja tu juu ya jaduweli: aliyefikiwa ni mtu aliyeweza kueleza, kwa njia yake, haki yake moja na pahala pa kuipeleka ikivunjwa. Ukishaandika hivyo, kipeperushi hakina tena bei ya shilingi 600, kwa sababu hujui nani kakisoma na nani kafungia karanga. Lakini jua na wewe umejifunga. Mwisho wa mradi watakuuliza umewapimaje, kwa hivyo wape watu masuala mawili kabla ya kikao na mawili hayohayo baada yake, na majibu uyaandike.

La tatu, utetezi wa 72,727. Tanzania iliridhia mwaka 2009 ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006. Ibara ya 8 inaitaka Serikali iamshe uelewa wa jamii. Ibara ya 21 inasema habari zinazotolewa kwa watu wote ziwafikie watu wenye ulemavu kwa njia wanayoiweza, kwa wakati, na bila ya gharama ya ziada kwao. Na Ibara ya 2 inakuhesabia kuwa ni ubaguzi ukimnyima mtu marekebisho ya kumfaa yasiyokuwa mzigo kupita kiasi. Elimu ya sheria hiyo, inayotolewa kwa namna inayoivunja sheria hiyo... nadhani hata msomaji aliyechoka atatabasamu hapo.

Na risiti! Mwenye mashua hana risiti, usimsumbue. Andika hati ya malipo, yeye atie saini au dole, sheha ashuhudie. Nimeona jumuiya nzuri ikikosa awamu ya pili kwa sababu ya mashua ya elfu sita.

Kijana wa Temeke

Mbona mnajitesa? Nendeni halmashauri, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Chukueni hiyo 2.

Risiti Mkononi

Kaka, hiyo ni ya sheria ya fedha za serikali za mitaa ya Bara. Tena ni mkopo usio na riba kwa vikundi vya uzalishaji, unarejeshwa. Elimu ya sheria haizai kuku wala sabuni, atarejesha nini dada wa watu?

Maalim wa Konde

Assalaam alaykum. Nimesomewa suala lako na simu yangu, mwanangu. Mie sioni tangu nina miaka tisa, na nimesomesha skuli mpaka nikastaafu. Nijibu hilo la maboksi kwanza kwa sababu ni la hatari.

Mwambie mtu akusomee namba ya sheria iliyomo kwenye hivyo vipeperushi. Ikiwa ni Sheria Nam. 9 ya 2006, hiyo ndiyo sheria yetu ya zamani ya Zanzibar. Sasa tuna Nam. 8 ya 2022. Ikiwa ni Nam. 9 ya 2010, basi hiyo si yetu kabisa, ni ya Bara. Mambo ya ulemavu si ya Muungano, kila upande una sheria yake. Zile "namba tisa" mbili zimewachanganya watu wengi, hata wenye shahada. Mtu anafungua intaneti, anaona "sheria ya watu wenye ulemavu, namba tisa", anaichapisha, na Mpemba anakwenda kudai kwa kifungu kisichomhusu. Akidai kwa kifungu kibovu mara moja, hata siku akiwa na haki watamcheka.

La pili, sisi tusioona. Watu wakisikia "wasioona" hukimbilia nukta nundu, yale maandishi ya vitone tunayoyasoma kwa vidole. Nukta nundu naipenda, imenilisha. Lakini ni karatasi nene, ukurasa mmoja wenu wa chapa kwetu hutoka kurasa tatu au zaidi, na wengi waliopoteza macho ukubwani hawaijui. Kabla hujaweka fedha uliza wangapi wanaisoma. Pale kwetu Konde tuko saba, tunaoisoma ni wawili, na mmoja ni mie.

Sauti ndiyo yetu. Rikodi vifungu kwa dakika mbili mbili, kwa Kiswahili cha hapa, si kile cha mahakamani, uturushie kwenye simu. Nenda na redio za jamii, ipo ya Micheweni na watu wanaisikiliza. Na ukinitumia maandishi, tafadhali usinipigie picha karatasi ukaiita faili. Picha ya karatasi kwa simu yangu ni kama ukuta. Inaniambia "picha", inanyamaza. Nimeshatumiwa sheria nzima kwa namna hiyo na watu wa haki za binaadamu, kurasa kadhaa wa kadhaa za "picha".

Shaibu Karafuu

Tusidanganyane. Watu huja kwenye semina kwa posho. Msipotoa posho hata huyo mkalimani atawakalimania viti. Na kama miezi yenu sita imeingia msimu wa karafuu, hata posho haitawasaidia, watu wote wako mashamba.

Mtoto wa Chokocho (Columbus, Ohio)

Salaam wa Pemba wote. Niko mbali lakini suala hili limenigusa kwa sababu mie mwenyewe nimefaidika na ruzuku ya aina hiyo huku, bila ya kujua kama ni ruzuku.

Nafanya kazi ghalani, usiku. Mwaka juzi jicho langu la kulia lilianza kufifia, ile skrini ya kusomea oda nikawa siioni vizuri. Msimamizi akanambia kama huoni tafuta kazi nyengine. Rafiki Msomali akanipa namba ya simu ya bure. Nikapiga, nikauliza suala langu kwa Kiingereza changu cha Chokocho. Aliyepokea alikuwa Chicago. Hakunambia habari za historia ya sheria. Aliniuliza: kazini mko watu wangapi? Kwa sababu sheria yao ya ulemavu, ADA, ya 1990, upande wa ajira inamshika mwajiri mwenye wafanyakazi 15 na kuendelea. Nikamwambia tunapita mia mbili. Akanieleza kuwa naweza kuomba marekebisho ya kazi, namna ya kuandika barua, na nini nitaje. Barua ilikuwa mistari sita. Nikapewa skrini ya maandishi makubwa.

Baadae nikawa na hamu ya kujua hawa ni nani. Kumbe ni mtandao wa vituo kumi, kila kimoja kina majimbo yake. Cha Chicago kinahudumia majimbo sita, Ohio ikiwemo. Fedha ni za Serikali Kuu, zinatoka kwenye taasisi yao ya utafiti wa ulemavu iliyo chini ya wizara ya afya, na vituo hushindania ruzuku ya miaka mitano. Halafu, hili ndilo lililonishangaza, kuna kituo cha ziada, kiko Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, ambacho kazi yake ni kuchukua tafiti na maarifa kuhusu hiyo sheria na kuyageuza yawe kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukitumia. Yaani wametenga ruzuku ya kufasiri, kwa sababu wamekubali kwamba kuijua sheria ni kazi moja na kuifikisha ni kazi nyengine. Na hawamshitaki mtu wala hawakuwakilishi mahakamani. Wanaeleza tu.

Sisemi muige Marekani, huku nako kuna maafa yake na bima ya jicho hilohilo bado inanitoa jasho. Lakini tizameni mwendo wao: anaanza mwenye suala, sheria inakuja nyuma. Semina zetu zinaanza na sheria, tena na maana ya maneno, kifungu cha pili, na mwenye suala anasubiri mpaka saa saba, wakati wa pilau.

Dada, kwa nini usikusanye masuala kwanza? Huna haja ya fedha ya mtu kwa hilo.

Mkoba wa Ukili

Ahsanteni nyote, wallahi sikutegemea. Nijibu kwa zamu.

Maalim, shikamoo. Nimefungua maboksi. Ni ya 2006. Nimemwambia mwenyekiti, kanyamaza, kisha akasema tuwape wauza urojo. Nimekataa, hata mla urojo asije akasoma sheria iliyokwisha. Tutayachoma.

Ami Shaibu, la karafuu umesema kweli na nimeusogeza mwanzo wa mradi. La posho, sikiliza: mzazi wa mtoto asiyetembea akija kikaoni kapoteza siku ya kazi na kalipa gari mbili, moja yake na moja ya mtoto, kwa sababu dereva anamhesabia mtoto na kigari chake kama gunia. Ukimpa elfu kumi hujamlipa, umemrudishia. Nitaiandika "marejesho ya nauli" na sitaona haya.

Ndugu yangu wa Chokocho, nimefanya ulivyosema. Nimepita siku mbili, alasiri, nyumba kwa nyumba, na daftari la madeni la duka kwa sababu ndilo lililokuwa na kurasa tupu. Nimepata masuala 14. Nakuandikieni machache kama nilivyoyasikia:

Mama mmoja: mwanangu skuli wamempokea, lakini hapana wa kumpeleka chooni, kwa hiyo wananambia nije mwenyewe kila saa nne au abaki nyumbani. Hapo amekubaliwa au amekataliwa?

Kijana wa kiti cha maringi: nikipanda boti kwenda Unguja nabebwa mgongoni na wachukuzi wawili, nalipa nauli kama wengine, na wachukuzi nawalipa mie. Kwa nini?

Mzee asiyeona: benki wananitaka nije na shahidi kila ninapotoa fedha yangu. Shahidi wangu ndiye anayeniibia.

Na mama wa msichana kiziwi, huyu alinisemesha nyuma ya nyumba, pembeni ya kisima. Mtoto alidhalilishwa. Kituo cha polisi maelezo kayatoa mama, kwa sababu hakuna aliyeweza kuzungumza na mtoto. Mama hakuwepo lilipotendeka. Kaandika alichokisia. Anauliza kama yale maneno ni ya mtoto au ni yake, na yakibainika kuwa hayako sawa atafungwa nani.

Katika masuala 14, hata moja halimo kwenye kile kipeperushi. Nimekipitia mstari kwa mstari. Kina picha ya kiti cha maringi na maneno "Ulemavu si kushindwa".

Sasa nimebadilisha ukurasa wa nne. Hatua ya mwanzo: kukusanya masuala, shehia tano, bila ya spika wala mgeni rasmi. Ya pili: masuala hayo tunayapeleka kwa wasaidizi wa sheria wa jimbo pamoja na mwanasheria mmoja, wayajibu kwa sheria ya sasa. Ya tatu: majibu yanatoka kwa njia tatu, vikao vya lugha ya alama, sauti za dakika mbili mbili, na karatasi moja yenye herufi kubwa. Vipeperushi vimebaki 300. Nimevibakisha kwa ajili ya walimu, polisi na makarani wa benki, maana nao wana masuala yao, na wao wanaona na wanasoma.

Kimoja bado kinanisumbua. Kati ya viziwi 22, waliokwenda skuli ya kufundishwa alama ni wachache sana, hawafiki hata saba. Wengine ni kama mdogo wangu, wana ishara za nyumbani tu. Mkalimani wa kutoka Mjini akija na alama zake za darasani, atakuwa kama Mchina kwao. Juzi nilimuuliza mdogo wangu "sheria" kwake ni ishara gani. Alifikiri, akakutanisha vifundo vya mikono kama mtu aliyetiwa pingu. Hiyo ndiyo sheria anayoijua. Sasa nitamwambiaje kuwa kuna nyengine inayomlinda, kwa ishara hiyohiyo?

Risiti Mkononi

Hapo unahitaji mtu wa tatu: kiziwi mtu mzima, aliyesoma alama na aliyekulia kijijini, akae kati ya mkalimani na watu wako. Mkalimani anasema na yeye, yeye anasema na wao kwa ishara wanazozielewa, kwa kuigiza, kwa kuchora chini. Inafanyika. Waulizeni Chama cha Viziwi. Muandike kwa jina la kazi yake na malipo sawa na mkalimani, usimuite "msaidizi", wataukata mshahara wake nusu. Hesabu yako itapanda ipite 72,727. Iache ipande, na uweke lile suala la mama wa msichana chini ya jaduweli, bila jina wala kijiji.

Mkoba wa Ukili

Bila kijiji, naam. Huku kijiji ni jina.

Nimepiga hesabu mpya. Huyo wa tatu kwa siku nane ni 560,000, na nauli yake na chakula 120,000. Jumla 2,280,000, gawa kwa 22: 103,636. Mwenyekiti sijamuonesha bado.

Maalim wa Konde

Mlete kwangu Ijumaa baada ya sala, nitazungumza nae. Na hayo masuala 14 nirikodie kwa sauti yako unitumie. Usinipigie picha daftari.